Nyumba yangu isiyo na nguzo ya umeme nimeipimia ndani ya kebini ya lori

Mkuu, umeuliza hivi: uko barabarani karibu mwezi mzima, una eneo kijijini ambako nguzo za umeme hazijafika na bomba hakuna, unataka nyumba ndogo inayojitegemea, uanze na nini? Mimi naendesha semi kati ya Dar na Copperbelt ya Zambia, mwaka wa 11 sasa. Eneo langu liko upande wa Ilula, ukishamaliza kuupanda mlima Kitonga. Nyumba yenyewe bado iko kwenye daftari. Kilichosimama ni vyumba viwili, jiko na tenki moja. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Anza na hiyo kebini unayolala. Sisi madereva tayari tunaishi bila Tanesco wala maji ya bomba, ila hatuandiki. Dumu la lita 20 linanitosha siku mbili: kupika kwenye jiko dogo la gesi pembeni ya tela, kunawa, kuoga kwa kopo. Umeme ndio ulinifunza kwa uchungu. Tulikaa foleni mpakani Tunduma siku tatu, mimi nimewasha friji ndogo na inveta ya televisheni kwenye betri za gari. Asubuhi ya nne foleni inasogea, gari haliwaki. Nikaomba mwenzangu anibusti huku walio nyuma wanapiga honi. Niliporudi Dar nikafunga betri ya pembeni na paneli ya wati 150 juu ya kebini, na tangu hapo kila jioni naandika nimetumia kiasi gani. Niligundua friji peke yake inakula wati-saa (wati mara saa za kuwaka) kama 400 kwa siku. Taa, simu na redio kwa pamoja hazifiki 100. Kwa hiyo swali la nyumba yako ni moja: friji ipo au haipo?

Hesabu yangu ya nyumbani ni hii. Taa tano za wati 7 kwa saa tano, 175. Televisheni ya wati 40 kwa saa nne, 160. Simu na redio 50, friji 500. Jumla 885. Jua nalihesabia saa nne na nusu za nguvu kamili, kisha natoa robo inayopotea njiani, napata paneli za wati 260 na kitu. Nimepanga 400 kwa sababu Januari na Februari mawingu ya kule hayana mchezo. Huko tuko kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli zitalalia kaskazini. Betri ni ya lithiamu, volti 24, ampea-saa 100. Volti 24 unaijua kutoka kwenye gari: waya hubeba ampea nusu ya zile za volti 12, hivyo haupati moto na huhitaji waya mnene wa bei mbaya.

Sasa kosa langu kubwa, na hili naomba ulisome mara mbili. Nilichukua betri mbili kuukuu za lori nikazipeleka nyumbani, nikaona nimeokoa hela. Betri ya gari imetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiinyonya taratibu usiku kucha kila siku, inakufa. Zangu zilimaliza miezi minane. Nilikuwa Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, mvua inanyesha Ilula, mama watoto ananipigia: "Baba watoto, taa zimezima zote, na mimi sijui hata pa kugusa."

Kauli hiyo ilinikosesha usingizi kuliko foleni. Mfumo wote nilikuwa nimeufunga kichwani mwangu, na mimi nyumbani nalala siku nne au tano kwa mwezi. Anayeishi kwenye hiyo nyumba ni yeye. Tangu hapo hakuna ninachonunua kabla hajakielewa. Tumeandika ukutani kwa rangi kila fyuzi ni ya nini, na taa ya kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri, ikigeuka nyekundu azime kitu gani kwanza. Nilikuwa na ndoto ya gesi ya kinyesi, nimeshachora hadi shimo. Akaniuliza, "Ng'ombe wawili wa kufungia ndani, kinyesi na maji vikorogwe kila siku, wewe uko Zambia. Atakoroga nani?" Nilifuta mchoro siku hiyo hiyo. Tunatumia jiko banifu la kuni, na mtungi mdogo wa gesi kwa chai ya alfajiri. Tenki nalo lilihama kutoka nilipolitaka nyuma ya nyumba, likaja mlangoni mwa jiko, maana yeye ndiye anayebeba ndoo.

Kuhusu eneo, usilipie uliloliona kiangazi tu. Nilipenda kiwanja kimoja tambarare, mzee jirani akanishauri nirudi mwezi wa tatu. Nilikuta maji ya magoti. Nikanunua cha mteremkoni, tukapitia serikali ya kijiji na majirani wote wa mipaka wakiwepo.

Maji: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati langu litakuwa mita za mraba 60. Nikihesabu mvua ya milimita 600 kwa mwaka na kutoa sehemu ya tano inayopotea, napata lita 28,800. Shida ni kwamba inakuja Desemba hadi Aprili, halafu miezi saba kukavu. Kwa lita 80 kwa siku nahitaji akiba ya lita 16,800, kwa hiyo simtanki mbili za lita 10,000. Ile moja ya lita 5,000 niliyonayo iliisha mwisho wa Julai, mama watoto akawa ananunua maji ya madumu yanayoletwa na bodaboda. Weka gata nzuri, wavu wa mbu mdomoni mwa tenki, na maji ya mvua ya kwanza yamwage nje, yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege.

Kwa hiyo jibu langu: tenki kabla ya ukuta. Kufyatua tofali kunataka maji, na kununua maji ya ujenzi kijijini kutakumaliza. Sisi tulianza na banda la bati la mita 4 kwa 5 na hilo tenki. Tukakinga msimu mmoja, na maji hayo ndiyo yaliyofyatua tofali za kufungamana za vyumba viwili tulivyonavyo. Niambie eneo lako liko mkoa gani na mvua zinaanza mwezi gani, tupige hesabu ya bati lako.