Mwanangu, maziwa yako yanatosha

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mtoto anaamka kila baada ya saa moja kwa kuwa maziwa yako hayamshibishi, na kama umwanzishie chakula ili alale. Hapana, yote mawili. Umesema uzito unapanda vizuri kliniki na nepi zinalowa kutwa nzima. Mtoto mwenye njaa haongezeki hivyo. Ana miezi 4 na nusu. Subiri afikishe 6, na hata hapo usitegemee chakula kiwe dawa ya usingizi.

Usingizi wa mtoto huja kwa vipande vya kama saa moja, na kila kipande kikiisha hukaribia kuamka. Sisi wakubwa tunageuka upande tukaendelea kulala. Yeye akizoea kusinzia na titi mdomoni, akizinduka atalitafuta. Kwenye miezi 4 hivi usingizi wa watoto wengi hubadilika, ndiyo maana aliyekuwa akilala vizuri sasa anakesha.

Ila mimi naanzia mchana. Umeniandikia kwamba ananyonya kidogo, mlango ukilia anageuza kichwa, anaachia, basi. Anachokikosa mchana anakidai usiku. Mnyonyeshee chumbani, mlango umefungwa, pazia limeshushwa. Akiachia, mcheulishe, kisha mrudishie titi lile lile kabla ya kuhamia la pili. Jioni mpe mara nyingi zaidi.

Usiku akinung'unika, usimnyanyue papo hapo. Msikilize kwanza. Watoto hugugumia na kujinyoosha macho yamefumba, wamelala kabisa, nasi tukiwabeba ndipo tunawaamsha. Akilia kweli, mpe titi bila kuwasha taa kubwa wala kumwongelesha.

Katika usingizi wa kwanza wa usiku, jaribu kumtoa titi akiwa amelegea lakini hajazama. Ingiza kidole kidogo pembeni ya mdomo wake aachie chuchu bila kukuvuta, mlaze, mkono wako ubaki kifuani pake. Akikataa, mrudishe anyonye. Kesho utajaribu tena. Usiyakate manyonyesho yote ya usiku, maana prolaktini, homoni inayotengeneza maziwa, hupanda zaidi usiku.

Hili nakusihi sana: usingizi ukikuzidi, usimnyonyeshee kwenye kochi. Ukisinzia hapo anaweza kubanwa akakosa pumzi. Alale chali, kwenye godoro gumu, bila mito. Na baba yake ambebe alfajiri akishanyonya, wewe ulale. Uchovu wako si jambo dogo, na si lazima uubebe peke yako.

Akipata homa, akikataa titi au nepi zikianza kukaa kavu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usingoje kuniuliza.

Mama yako