Chuo cha meno kinaingiaje kwenye sera?

Ndugu, umeuliza chuo cha meno kama cha Makerere kinahusikaje na sera wakati kazi yake ni kufundisha. Kinahusika kwa takwimu. Daftari la kliniki halitoshi, maana linaonyesha waliokwisha kuzidiwa na maumivu tu. Wilaya ikilitegemea itanunua koleo na ganzi, basi. Chuo kina watu wa kwenda shuleni: watoto wa miaka 12, kioo, kijiti cha kupimia meno chenye kijitufe cha milimita 0.5 nchani, mwanga wa kutosha, kisha kuhesabu meno yaliyooza, yaliyong'olewa kwa kuoza na yaliyozibwa.

Panapoharibika zaidi ni kwa wapimaji wasiolinganishwa. Mmoja anaandika doa jeupe kuwa tundu, mwenzake analiacha. Walinganishwe mpaka wakubaliane angalau asilimia 85, na karibu mtoto mmoja kati ya kumi apimwe tena.

Maji nayo yapimwe. Kisoro na upande wa Rwenzori, magharibi mwa Uganda, kuna vyanzo vyenye madini ya floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO). Floraidi ikizidi hutia meno rangi, kwa hiyo meno ya kahawia huko ni suala la idara ya maji kabla ya kuwa la mswaki.

Matokeo yaandikwe kurasa mbili, gharama kwa shilingi, yamfikie afisa wa afya wa wilaya kabla ya mikutano ya bajeti. Yakifika Juni mmechelewa. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Tasnifu ya kurasa 90 (tuseme ukweli) hakuna diwani atakayeifungua.