Dawa ya bakteria kibofuni: je, ni najisi? Na saumu yangu?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mimi ni mchuuzi wa dagaa hapa Igombe, Mwanza. Nimetolewa uvimbe kwenye kibofu cha mkojo, ni saratani changa. Daktari anataka aniwekee BCG kwa mpira, mara moja kwa wiki, wiki sita. Nasikia ni vijidudu hai vya kifua kikuu cha ng'ombe. Si najisi hiyo? Na Ramadhani ndiyo hiyo inaingia.

JIBU: Waalaykumus salaam. Pole ndugu yangu, Allah akuafu.

Asili yake ni hiyo uliyosikia. Wafaransa wawili, Calmette na Guérin, walianza mwaka 1908 kuvikuza kwenye viazi na nyongo ya ng'ombe, wakavihamisha mara 230 kwa miaka 13 hadi vikaisha ukali. Ndiyo chanjo ya watoto inayoacha kovu begani (na kuhusu chanjo hiyo hakuna aliyeniuliza fatwa!). Kibofuni huchokoza kinga ya mwili: askari wake huvifuata, na wakifika hapo huishambulia saratani pia.

Kijidudu si najisi. Asili ya vitu ni tahara mpaka ije dalili, na mtindi unaokunywa umejaa bakteria. Hata ukiing'ang'ania ile nyongo, wanazuoni wetu wa Kishafi wameruhusu kujitibu kwa najisi isiyolevya pakikosekana kilicho safi cha kushika nafasi yake.

Kwenye saumu ndipo penye khilafu, yaani wanazuoni wametofautiana. Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba kinachoingizwa kibofuni kinafunguza. Baraza la Fiqhi la Jeddah, mwaka 1997, likaamua kwamba dawa ya kupitia njia ya mkojo haifunguzi. Lakini wewe khilafu hii haikufikishi mbali: dawa hukaa kama saa mbili, kisha unaambiwa unywe maji mengi kukisafisha kibofu. Basi siku hiyo kula, wewe ni mgonjwa, na Qur'ani 2:184 imekuruhusu. Kwa mara moja kwa wiki, ndani ya Ramadhani hazizidi siku tano, utazilipa. Usiahirishe tiba kwa ajili yake.

Swali kabla ya kuwekewa, maana kuswali huku umebana mkojo ni makuruhu. Ukirudi nyumbani, kojoa umechuchumaa usirushe matone, na kwa saa sita za mwanzo mwagia chooni dawa ya klorini uache kidogo kabla ya kusukuma maji: vile vijidudu bado vi hai, na Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana. Kuhusu mkeo, muulize daktari siku za kujizuia, wala usimwonee haya.