Ukurasa wa Kanumba: kwa mnaoanza daftari la sanaa

Vijana wengi wanaoanza daftari la sanaa, yaani daftari la kubandika picha, vitambaa na maneno, hapa Iringa hutengeneza ukurasa wa nyota wa filamu kwa namna moja. Picha ya uso katikati, nyotanyota pembeni, jina kwa herufi kubwa. Hilo ni bango. Ukurasa wa daftari unataka jambo moja tu la mtu huyo, lile lililokugusa wewe, na picha, rangi na kitambaa vyote vilitumikie jambo hilo.

Tumtazame Steven Kanumba. Alizaliwa Shinyanga mwaka 1984, akaigiza na kundi la maigizo la Kaole Dar es Salaam, kisha akavuka mpaka na kucheza filamu pamoja na waigizaji wa Nigeria. Alifariki Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Wengi hukimbilia kifo chake kwa kuwa kilizungumzwa sana. Mimi nawasihi mshike safari yake. Tafuta atlasi ya shule iliyochakaa, kata kipande chenye Shinyanga, Dar es Salaam na Lagos, kibandike, kisha shona njia yake kwa sindano na uzi mwekundu. Toboa matundu kwanza, la sivyo karatasi itachanika. Uzi huo peke yake unasimulia ujasiri wa yule kijana, na uso wake unaweza kuwa mdogo tu pembeni.

Kwa vifaa, kaunta buku lenye jalada gumu linatosha. Karatasi zake ni nyembamba, hivyo gundisha tatu ziwe moja, kisha zipake rangi nyeupe ya maji ya ukutani iliyozimuliwa kidogo. Kila ukimaliza ukurasa mnene, kata karatasi moja au mbili zinazofuata, maana daftari likivimba mgongo wake hupasuka. Vipande vya vitenge mwombe fundi cherehani. Majani ya chai, na Mufindi haiko mbali, yachemshe yakolee sana: ukipaka maji yake, karatasi hupata rangi ya gazeti la zamani.

Kwenye picha ndiko wanafunzi wengi hukata tamaa, kwa hiyo hapa tuliza akili. Picha iliyotoka kwenye printa ya wino wa maji huchuruzika mara tu gundi inapoigusa. Omba fotokopi ya wino wa unga. Ukitaka sura ionekane kama imezama ndani ya ukurasa, ihamishe: paka ukurasa rangi nyeupe ya akriliki, au gundi nyeupe ya seremala ukiikosa, laza fotokopi kifudifudi, sugua kwa kadi ngumu hadi mapovu yaishe, halafu iache usiku kucha. Kesho yake lowesha mgongo wa fotokopi kwa kitambaa chenye maji kidogo, usugue taratibu kwa ncha ya kidole. Karatasi itatoka kama makombo na wino utabaki. Gundi ya seremala hulainika ikizidiwa na maji, kwa hiyo fanya eneo dogodogo, liache likauke, urudie. Picha hutoka imegeuka kushoto kulia. Kama ina maandishi, mwambie kijana wa steshenari aigeuze kwenye kompyuta kabla ya kuichapa.

Sehemu zitakazobanduka ziache. Napenda sana uso wenye pengo linaloonyesha kitenge chini yake.

Juni na Julai baridi yetu huchelewesha gundi. Msikaushe juu ya jiko la mkaa, karatasi hujikunja na hairudi. Iache wazi mahali penye hewa, na kabla ya kufunga daftari weka kipande cha nailoni katikati ili kurasa zisishikane, kisha ulaze chini ya vitabu vizito.

Maneno yaje mwisho, kwa mwandiko wako mwenyewe. Usimwekee marehemu kauli ambayo hakuitamka. Andika unachokifahamu, au unachomwambia wewe: sentensi moja au mbili zinatosha.

Nyuma ya ukurasa weka tarehe, mahali ulipoitoa picha, na kiasi cha maji ulichoongeza kwenye rangi. Siku ukitaka kupata weupe uleule, utavihitaji vipimo hivyo.