Guqin hainunuliwi kwa macho

Guqin yangu ya kwanza, ile ala ya nyuzi ya Kichina, niliinunua kwa picha. Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo Nanjing, Uchina, na muuzaji mmoja wa mtandaoni alikuwa ameilaza juu ya meza kando ya kikombe cha chai, nyeusi, inang'aa kama kiatu kipya. Maelezo yalisema mbao zake zilitoka kwenye boriti la hekalu la kale. Yuan 900. Nililipa usiku ule ule.

Ilipofika nikaipeleka kwa mwalimu wangu. Mama yule hakushughulika na rangi wala maandishi yaliyochongwa mgongoni. Alibonyeza uzi wa kwanza kwa kidole cha pete cha mkono wa kushoto, akaudonoa kwa mkono wa kulia, kisha akakiburuta kidole taratibu kuelekea kichwani mwa ala. Walipofika katikati, kidole na sauti yake, uzi ukaanza kuvuma kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Akarudia kwa nyuzi zote saba. Tatu zilikuwa na nyuki.

Aliyezoea kuona ala ya kanuni kwenye taarab anaweza kudhani guqin ni ndugu yake wa karibu. Zote hulazwa na kudonolewa, lakini kanuni ina nyuzi nyingi, mara nyingi tatu tatu kwa kila sauti. Guqin ina saba tu, juu ya ubao wa takriban sentimita 120, na pembeni nukta 13 za kuonyesha mahali pa kugusa, mara nyingi za gamba la chaza. Haina vizuizi kama vya gitaa wala vijidaraja kama vya guzheng (wengi huzichanganya hizi mbili, guzheng ndiyo ile kubwa ya nyuzi 21). Kidole cha kushoto hutembea juu ya ubao mtupu, na sehemu kubwa ya utamu wa ala hii imo katika kule kuteleza baada ya uzi kudonolewa. Ubao ukiwa na kivimbe hata kidogo sana, uzi unakigusa na sauti inaharibika. Wapigaji huuita mvumo huo shayin.

Kwa hiyo ukiingia dukani, fanya alivyofanya mwalimu wangu hata kama hujui kupiga wimbo mmoja. Kila uzi, kuanzia mkiani hadi karibu na nukta ya nne, polepole. Usiharakishwe. Muuzaji akikupigia yeye ili usikilize, mshukuru, kisha rudia mwenyewe, kwa sababu mpigaji hodari anajua pa kukwepa. Kama unanunua kwa mbali, omba video ya uzi mmoja mmoja ukiburutwa hivyo, na makubaliano ya kurudisha kwa maandishi.

Halafu tazama urefu wa nyuzi kutoka kwenye ubao. Mafundi wana kauli: mbele kidole, nyuma karatasi. Yaani upande wa kichwa kidole kipite chini ya nyuzi, na mkiani ibaki nafasi ya karatasi tu. Zikiwa juu mno, kidole gumba chako kitauma ndani ya wiki moja na utadhani huna kipaji. Wenzangu wawili waliacha kujifunza kwa sababu hiyo, na hadi leo inaniuma.

Rangi nayo ina mambo. Guqin nzuri hupakwa utomvu wa mti wa laka uliochanganywa na unga wa pembe za kulungu, tabaka juu ya tabaka, kila moja likiachwa likauke kwenye hewa yenye unyevu. Kazi hiyo huchukua miezi. Mti huo ni wa ukoo mmoja na mkorosho na mwembe, na aliyewahi kubangua korosho mbichi anajua mafuta yake yanavyochoma ngozi. Utomvu wa laka ambao haujakomaa vizuri huwasha vivyo hivyo, kwa hiyo usikubali ala iliyomalizwa juzi. Nusa pia matundu mawili ya mgongoni: yangu ya kwanza yalinuka rangi ya gari, na mwaka haujaisha nyuzi zilikuwa zimeshachimba mifereji juu ya ubao.

Kuhusu mbao, ubao wa juu huwa wa paulownia au wa mti wa Kichina uitwao shanmu, mwepesi, na wa chini ni mgumu zaidi. Cha muhimu ziwe zimekauka sawasawa. Hadithi za mahekalu usizilipie. Umbo chagua unalolipenda. Nyuzi za hariri zina sauti laini ninayoipenda mno, ila hulegea na kukatika, kwa hiyo anza na za chuma zilizovishwa nailoni.

Ya pili nilikwenda kuichagua Yangzhou, kwenye karakana, pamoja na mwalimu. Fundi alituwekea tatu. Niliyoichukua ilikuwa na doa la hudhurungi karibu na mguu mmoja, yuan 4,200, akiba yangu ya miezi minane. Iliyong'aa kuliko zote niliiacha palepale mezani: kwenye uzi wa sita, kidole kilipopita tu nukta ya saba, nyuki alikuwemo.