Maswali ya muvi: Shrek ukweni, hela kibao, Oscar hakuna

SWALI: Shikamoo mzee wa muvi. Hapa saluni kwetu Pasua ubishi hauishi. Bosi huwa anaweka Shrek 2 watoto wakija kunyolewa, sasa mshkaji mmoja anasema hiyo ndo katuni iliyoingiza hela kuliko zote, mwingine anauliza kama ni kali hivyo mbona haina Oscar? Na pati tu si huwa zinaboa, hii imekuwaje? Kuna soda imewekwa hapa.
Kinyozi, Moshi

JIBU: Marahaba dogo. Hiyo soda wagawane, kila mmoja kapatia nusu.

Tuanze na hela. Ilitoka Mei 2004, DreamWorks, ile studio iliyoitengeneza, walitumia kama dola milioni 150 wakati ile ya kwanza ya 2001 walitumia kama 60 tu, na wikiendi ya kwanza Marekani ikaingiza milioni 108, mpaka inatoka kwenye kumbi dunia nzima ishapita milioni 900. Mwaka ule hakuna muvi iliyoigusa, hata za watu wazima. Kwa katuni ikakaa juu mpaka 2010 Toy Story 3 ilipovuka bilioni. Kwa hiyo mshkaji wako angeshinda miaka ile, leo hapana, maana kuna Ne Zha 2 ya Wachina ya 2025 imepita bilioni mbili.

Oscar sasa. Shrek ya kwanza ndo ilichukua tuzo ya kwanza kabisa ya katuni ndefu, 2002. Pati tu iliteuliwa mara mbili, katuni bora na wimbo bora (ule wa mwanzoni wa bendi ya Counting Crows, Accidentally in Love), ikatoka kapa kote. Katuni wakapewa The Incredibles, na mimi kwa kweli siwezi kulalamika, ile nayo ilikuwa moto. Ila msiseme wachambuzi waliidharau, wengi waliisifia, na iliingia mashindanoni kwenye tamasha la filamu la Cannes kule Ufaransa, sehemu ambayo katuni haziitwi kirahisi.

Mbona haiboi? Kwa sababu hawakurudia stori. Ya kwanza Shrek, lile zimwi la kijani, anapata mke, ya pili wanampeleka ukweni, basi! Wewe ni wa Moshi, kama ushawahi kupelekwa kwa wakwe Marangu ukakaa umebana magoti wazee wanakukagua kuanzia viatu mpaka nywele, hiyo muvi unaijua tayari. Angalia ile ya mezani. Shrek anakunywa maji ya kunawa akidhani supu, tena anamsifia mama mkwe, baadaye yeye na baba mkwe wanaanza kurushiana maneno huku kila mtu anararua chakula chake kwa hasira mpaka nguruwe wa kuchoma anaruka juu, wanaishia kuitana majina kwa kelele. Hapo mtoto anacheka nguruwe, baba yake anacheka kwa sababu anamkumbuka mzee fulani. Tiketi za watu wawili zinauzwa kwa kichekesho kimoja, siri ya zile milioni 900 naiona hapo.

Halafu yule paka, Puss in Boots. Mfalme, ndo huyo baba mkwe, kamkodi amuue Shrek, akibanwa anavua kofia anaishika kwa mikono miwili macho yanakuwa makubwa kama sahani, wanajeshi wazima wanalegea. Sauti ni ya mwigizaji Antonio Banderas, hata kwenye toleo la Kihispania kafanya mwenyewe.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mwanangu ana miaka 6, kamaliza Shrek 2 sasa anaililia ya tatu. Nimtafutie?
Mama wa Sakina, Arusha

JIBU: Nzuri dada. Mtafutie akililia sana, lakini usikae naye, utasinzia. Ya 2007 iliingiza kama milioni 800 kwa jina tu, wachambuzi wakaiponda na walikuwa na haki, stori imepoa. Bora umpe za yule paka, ana muvi zake mbili, ya 2011 na ya 2022, zote ziliteuliwa Oscar. Ya 2022 ndo kali zaidi ila ina mbwa mwitu mwenye macho mekundu anapiga mluzi, ndo Kifo chenyewe huyo, kwa miaka 6 iangalie kwanza peke yako, na usimwekee usiku.