Re: Dozi ya methadoni ni ileile, mbona mdogo wangu bado anapata arosto?

Habari ndugu, pole sana. Umesema mdogo wako na mwenzake wanakunywa dozi sawa ya methadoni (dawa ya kumsaidia mtu aache unga, yaani heroini), mwenzake yuko fresh ila wa kwako ikifika usiku miguu inauma, jasho, miayo, ndo arosto yenyewe, mwili unadai dawa. Kaka yangu alikuwa hivyohivyo na nyumbani tukamshuku amerudia unga, tulimuonea bure.

Cha kwanza angalia dawa zingine anazomeza. Kama ana dozi ya TB yenye rifampisini, au ARV kama efavirenzi au nevirapini, hizo zinafanya ini liichome methadoni haraka, waambie kliniki leo leo. Kama hakuna, inaweza kuwa jeni tu (maumbile ya kurithi), kuna moja inaitwa CYP2B6, wengine ini lao linaisafisha dawa upesi na wengine inakaa mwilini muda mrefu, ndo maana dozi ya mwenzake siyo kipimo chake. Sisi hatukupima jeni yoyote, tuliandika kwenye daftari saa arosto inapoanza, siku 5 mfululizo, nesi akaangalia wakampandisha dozi kidogokidogo. Tafadhali asijiongezee unga wala valiamu (vidonge vya kutuliza) juu ya methadoni, pumzi inaweza kukata usingizini.